Mkebe wa Ijumaa

Ijumaa, jua halijagusa dirisha,
mafuta hayajaanza kulia bakulini,
natandika gazeti sakafuni mwa jiko letu, Kibokoni,
nakaa kitako, sinia mbele yangu.

Mji huu hauna subira na unga.
Acha mfuko wazi usiku mmoja
hewa ya chumvi huuingia, ukashika mapande,
na wiki ya pili fukusi wamehamia na jamaa zao.
Kwa hiyo nachekecha. Mara mbili.
Ya tatu kwa ubishi.

Unga nimeutoa Marikiti,
kwa yule kijana wa Hirji apimaye huku macho yako kwenye simu.
Twahir, ndugu yangu, hupiga kutoka Doha:
"Si ununue mkate tu? Wauzwa kila pembe."
Namwambia, haya.
Nazima simu kwa kiwiko, vidole vyeupe.
Hajui. Au anajua,
ndiyo maana hapigi ile ya kuonana nyuso.

Mfungo Sita, Mama alitia chumvi mara tatu
kwenye mkate wa mayai wa Bi Shamsa wa ghorofani,
akasimama mbele ya jiko, kijiko mkononi,
kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alilofuata.
Bi Shamsa akala. Akanywa maji gilasi mbili.
Akasema, "Mashaallah."
Mama akamtazama usoni, akajua.
Jioni ile kikombe chake cha kupimia,
kile cha bati kilichong'oka mkono,
akakilaza kifudifudi juu ya kabati.

Nimekiinua mimi.
Vipimo nilimwibia siku zake nzuri,
kimoja kimoja, kama aokotaye shanga uzi ukishakatika.
Nikavifunga kwa vina visije vikanitoka na mimi,
maana ugonjwa huu, wasema, una nasaba:

*Vikombe sita vya unga, na kimoja cha maziwa,*
*Chumvi kidogo kwa kunga, sukari robo hutiwa,*
*Mafuta uje kuunga, kwa ncha za vidole sawa,*
*Mkebe ukishafunga, unyevu utazuiwa.*

Bekin pauda haikupata kina.
Vijiko vitatu vikubwa. Imebaki nje ya ubeti,
lakini isahau uone:
utatafuna jiwe la Ngome.

Maziwa ni yale ya unga, makavu.
Mafuta ni ya mgando, nayafikicha polepole,
mpaka sinia nzima iwe kama mchanga wa Nyali alfajiri:
ukiufumbata washikana,
ukiugusa kwa kidole wavunjika.
Kisha mkebeni, mkebe wa biskuti za Idi ya miaka ile,
picha ya farasi imefutika, amebaki mkia.

Sasa Mama hapimi.
Huchota, humimina tui, huvunja yai,
na mkono wake, usiodaiwa hesabu tena,
hukoroga kama zamani, ukigonga ukingo wa bakuli
mara mbili mwishoni, sijui kwa nini.
Mkate ukiumuka husema, "Leo nimeupatia."
Nami, "Umeupatia."
Nimejiuliza kama huo ni uongo.
Nimejiuliza nikiwa nakula.

Leo nimetoka kuoga nikamkuta
anaubisha mkebe kwa kifundo cha kidole,
sikio ubavuni mwa bati, kama mkunga.
Akaniita kwa jina la dadake, Mungu amrehemu:
"Mwanamkuu, umebaki wa mikate miwili.
Na huyu mwanangu asidhani simsikii Ijumaa,
na hilo gazeti lake."

Akaenda zake barazani.
Nikafungua mkebe, nikashusha kikombe cha bati,
nikapima.

Miwili.
Na gao moja la ziada,
la kunyunyiza ubaoni.